Sinthesaiza Si Ghala la Sauti

Vijana wengi wanaotengeneza muziki kwa kompyuta huichukulia sinthesaiza, yaani chombo au programu inayounda sauti kwa umeme au hesabu, kama ghala: wanafungua programu, wanapitia orodha ya sauti zilizokwisha kutengenezwa, na wasipoipata wanayoitaka wanatafuta programu nyingine. Kwa maoni yangu, wanachokosa si sauti, bali ni kujua kila sinthesaiza inazizaa kwa njia gani, kwa kuwa njia hiyo ndiyo inayoamua ni sauti zipi zitapatikana kwa urahisi na zipi zitakuwa kazi ya kulazimisha.

Njia ya kupunguza, iliyopata umaarufu kupitia mashine za Robert Moog, hasa Minimoog ya mwaka 1970, ndiyo nyepesi kuielewa. Osileta, yaani sehemu inayozalisha mawimbi, hutoa wimbi lililojaa masafa (idadi za mitetemo kwa sekunde, zinazopimwa kwa Hz), tuseme wimbi la msumeno, kisha kichujio huondoa yasiyotakiwa. Besi nzito hupatikana hapo bila taabu. Kengele, hata hivyo, itakusumbua, kwa sababu msumeno wa Hz 200 una 400, 600, 800 na kuendelea kwa mpangilio huohuo, ilhali kengele ina masafa yasiyofuata mpangilio huo, na kichujio hakiwezi kutoa kisichokuwamo.

Hapo ndipo FM inapoonyesha uwezo wake. Ni FM ileile ya redio, yaani wimbi moja kuyumbisha masafa ya jingine, ila hapa mawimbi yote mawili yamo ndani ya kiwango ambacho sikio linasikia. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aliifikia mwaka 1967 alipokuwa akiongeza kasi ya mtetemo wa noti kwenye kompyuta, hadi sikio likaacha kusikia mtikisiko na kuanza kusikia rangi mpya ya sauti. Chukua wimbi la Hz 200, uliyumbishe kwa jingine la Hz 280: pembeni ya 200 yatazuka masafa ya 480 na 760, pamoja na 80 na 360, na kwa kuwa hakuna hata moja kati yake linalogawanyika kwa 200, utasikia chuma kilichogongwa.

Yamaha ilichukua leseni ya ugunduzi huo na mwaka 1983 ikatoa kinanda cha DX7. Naamini FM ilipata sifa ya ugumu kwa sababu ya kinanda hicho zaidi kuliko kanuni yenyewe, maana kilikuwa na opereta 6 (kila moja ni wimbi linaloweza kusikika au kuyumbisha jingine), miundo 32 ya kuziunganisha, na kioo kidogo cha kusomea yote hayo. Si ajabu wengi waliishia kupiga sauti za kiwandani. Anayeanza na opereta mbili tu, akawa anabadilisha uwiano wa masafa yao na kiasi cha kuyumbisha, ataielewa mapema.

Wapo watakaosema kwamba sampuli, yaani vipande vya sauti halisi iliyorekodiwa, zimemaliza mjadala, kwani udi ukisharekodiwa hauna haja ya kuigwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini rekodi hubeba mpigo uleule kila inapochezwa. Ipo njia nyingine: Kevin Karplus na Alex Strong walieleza mwaka 1983 jinsi kelele fupi inavyoweza kuzungushwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikiwa ni mfululizo wa namba, huku kila namba na jirani yake zikifanyiwa wastani, hivyo masafa ya juu hufifia kwanza, kama yanavyofifia kwenye uzi halisi. Kwa kuwa kila mpigo huanza na kelele mpya, noti ileile ikirudiwa haitoki sawasawa na iliyotangulia.