Sikugongwa na Pikipiki, Jamani

Mimi ni mzima. Sikugongwa, sikuanguka, sikulazwa hospitali ya Bombo, na nyote mnaonitumia "pole na ajali" tangu jana jioni, asanteni, sasa pumzikeni. Kama habari mmeipata kwa yule jamaa yangu wa duka la simu, basi mmepata robo habari na robo tatu chumvi. Kwa maelezo yake eti zimamoto walifika. Zimamoto hawakufika. Iliyofika ni saluni nzima ya ng'ambo ya barabara, na kwa jinsi nilivyochekwa, bora wangekuja zimamoto.

Ile Yamaha AG100 yangu mnaijua, niliyoachiwa na mjomba wa Pangani. Mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa akiiegesha upenuni, na bahari iko pale pale, miaka nenda miaka rudi. Sasa injini yenyewe ni ya alumini na skrubu zake ni za chuma. Maji ya chumvi yakishapenya kati ya hivyo viwili, vinafunga ndoa isiyo na talaka. Dalili yake ni unga mweupe kuzunguka vichwa vya skrubu. Mimi huo unga niliuona, nikaupangusa kwa tambara nikijua ni vumbi la chokaa.

Nilichotaka ni kubadilisha sproketi ndogo ya mbele tu. Meno yamelika mpaka cheni inaruka nikibeba abiria mnene. Ili uifikie, unafungua kwanza kava la kushoto la injini. Fundi aliniambia nimpelekee Jumatatu. Nikajisemea, kufungua kava tu nimpe mtu hela? Bisibisi ya nyota si ninayo?

Skrubu zikatoka. Zote, isipokuwa moja ya chini, karibu na pedeli ya gia. Wenye pikipiki mnaojua hiyo moja, nawasalimu. Nikaingiza bisibisi, nikakaza mkono, ikapanda ikaruka: krrr. Nikarudia kwa hasira: krrr. Kila ikilia hivyo ule msalaba wa kichwani unazidi kuwa shimo la mviringo. Nikaweka rababendi katikati ili ing'ang'anie, ikakatika. Nikamwagia dizeli, ambayo ilitaka iachwe ilale nayo usiku kucha. Mimi nikaipa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Krrr.

Ndipo jamaa akatoka dukani na simu mkononi. "Kaka, njoo uone video."

Kwenye video kuna mzungu mmoja yuko gereji safi. Anachukua nati, anaipaka gundi, anaibandika juu ya kichwa cha skrubu kilicholiwa, anasubiri, anatia spana, skrubu inatoka, anatabasamu. Mzungu yule alivaa glavu. Sisi glavu hatukuziona, tuliona nati. Supa gluu jamaa anauza mwenyewe, tena akanikopesha.

Hapa sasa twende polepole, maana hapa ndipo kila mtu ana toleo lake.

Pikipiki iko kwenye stendi ya pembeni, kwa hiyo imeniinamia. Nimepiga magoti upande wa kushoto, sikio linakaribia tenki. Mkono wa kulia umeshika nati kwa kidole gumba na cha shahada, nimeibana juu ya skrubu. Mkono wa kushoto una kichupa cha gundi. Naminya, hakitoki kitu. Ncha imeziba. Naminya tena. Jamaa, aliyechuchumaa pembeni anachukua picha, anasema, "Minya kaka, unaogopa nini?" Nikaminya kiume. Ncha haikuzibuka. Kilichopasuka ni ubavu wa kichupa.

Gundi ikashuka yote. Ikaingia ndani ya nati, ikafurika, ikateremka ukingoni mwa kava, ikajaa chini ya kidole gumba. Nikahisi joto. Wataalamu watawaambia gundi ile hukaushwa na unyevu, na huu ni mchana wa Tanga, jasho linanichuruzika mpaka kwenye kucha. Lakini video ilisema ukishabandika ubonyeze, nami nikabonyeza. Jamaa akanihesabia mpaka kumi kama refa wa ngumi.

"Haya, achia."

Kidole cha shahada kikaachia, kikabakiza ngozi kidogo pale. Kidole gumba, kimya. Nikavuta, pikipiki ikanifuata. Nikasikia stendi inalia nyiii, nikawahi kuizuia kwa bega isije ikanilalia.

"Vipi kaka?"

"Kimenasa."

"Nini kimenasa, nati?"

"Mimi."

Mtu huyu badala ya kunisaidia alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, akacheka mpaka akakosa sauti.

Na ni saa hiyo hiyo watu wanatoka msikitini, adhuhuri imeisha. Namwona mwalimu wangu wa madrasa anakuja, kanzu nyeupe, bakora, taratibu. Namwombea apite upande wa pili. Hakupita upande wa pili.

"Shikamoo mwalimu," nikasema nikiwa nimepiga magoti, bega kwenye tenki.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Akanyoosha mkono wake wa kulia.

Jamani. Wangu wa kulia uko kwenye Yamaha. Kumpa wa kushoto, mtu aliyenifunza Juzuu Amma kwa kiboko, ni afadhali nimtukane. Mkono wa mzee uko hewani. Watu wa saluni wameshatoka, mmoja kichwa kimesukwa nusu, nusu nywele zimesimama. Mkono bado uko hewani. Nikafanya lililobaki: nikanyoosha shingo kadiri bega lilivyoniruhusu, nikaubusu ule mkono. Mwalimu hakuutarajia. Akaniwekea kiganja kichwani, akanisomea dua, ndefu, huku huku akiitazama pikipiki, nadhani akiamini naiabudu. Waliokuwa karibu wakaitikia amina. Yule wa nywele nusu aliitikia kwa sauti kuliko wote.

Dua haijaisha, simu ikaita. Iko mfuko wa suruali wa kulia. Mkono wa kushoto haufiki huko ukiwa umepiga magoti, jaribuni wenyewe. Jamaa akaichomoa, akaona ni mke wangu, akapokea. Nataka mlisome neno kwa neno alilomwambia:

"Shemeji, usiwe na wasiwasi, yupo hai."

Nani anaanza mazungumzo hivyo? Nani?

"Yuko chini ya pikipiki hapa, hawezi kutoka, tunamtafutia dawa." Halafu kicheko kikamrudia, akaziba mdomo kujizuia, akawa anatoa sauti za kwikwi tu. Mke wangu akajua mwanaume mzima analia. Akakata simu.

Mengine yalikwenda haraka. Dada wa saluni ndiye aliyekuwa na akili: akaleta ile dawa ya kutolea rangi ya kucha na pamba, akawa ananidondoshea kidogo kidogo pembeni ya kidole, huku akiniuliza kama nataka na kucha zipakwe. Asetoni iliila gundi, ikala na rangi ya tenki ilipodondokea, kidole kikatoka. Kilitoka na nati yake. Nati ilikuwa imeninata mimi barabara. Ile skrubu wala haikuiona. Wakati huo mke wangu na mama yake wako mapokezi Bombo na chupa ya uji, wanauliza majeruhi wa pikipiki yuko wodi gani, na shangazi ameshapanda gari kutoka Pangani na nguo za kulalia matanga. Shangazi nilikwenda kumpokea stendi mwenyewe, kidole kimefungwa kitambaa. Alinikumbatia, kisha akanipiga kibao, kisha akadai nauli.

Fundi alikuja jioni, hakuitwa, alikuwa amesikia. Akapangusa kichwa cha skrubu ya jirani, akanionyesha kitobo kidogo kama nukta. Kumbe ndiyo alama ya skrubu za Kijapani, na bisibisi ya nyota ya kawaida haikai mpaka chini kwenye msalaba wake, ndiyo maana inapanda na kuula. Akaweka tindo pembezoni mwa kichwa, akaielekeza kushoto, akagonga kwa nyundo. Ta. Ta. Skrubu ikasogea, akaimalizia kwa plaizi. Muda wote huo alikuwa anaongea na simu, wala si kuhusu pikipiki.

Kava likafunguka. Akaitoa ile sproketi iliyokwisha, akachukua mpya niliyoinunua, akaijaribu kwenye shafti. Akaigeuza. Akaijaribu tena. Akaisogeza kwenye mwanga, akanitazama.

"Kaka, hii ni ya Boxer."