Mapigo ya gama ya pulsari: jedwali la redio bado lina kazi

Kila pulsari, nyota nzito inayozunguka na kutuma mapigo ya miali, inapopatikana kwa miali ya gama pekee, sifa huiendea njia ya kusaka mapigo bila kujua kasi ya mzunguko. Ni haki yake. Mwaka 2008 darubini ya anga za juu ya Fermi iliipata hivyo pulsari ya CTA 1, mabaki ya nyota iliyolipuka, inayozunguka mara moja kila sekunde 0.316, na makumi zimefuata. Nyota za aina hiyo mwali wake wa redio hautufikii, au ni hafifu mno. Anayesubiri redio hazipati.

Lakini wapo wanaoibeza njia ya zamani, ya kuchukua jedwali la mizunguko kutoka kwa wanaastronomia wa redio na kupanga fotoni (chembe za miali) kwa awamu, yaani sehemu ya mzunguko zilipotoka, eti ni kuthibitisha yanayojulikana. Hawajapiga hesabu ya majaribio.

Chukua data ya mwaka mmoja, sekunde milioni 31.5. Masafa jirani hutenganishwa na kinyume cha muda huo, hivyo hadi hezi 64 yapo masafa bilioni 2 ya kujaribu. Nyota nayo inapunguza kasi: ukitaka kufikia upungufu wa pulsari ya Nebula ya Kaa, hezi 3.7×10⁻¹⁰ kwa sekunde, kila masafa yanadai hatua zaidi ya laki moja. Jumla ni mamia ya trilioni. Katika kipimo cha H, alama inayokuwa kubwa kadiri mapigo yanavyojitokeza, uwezekano wa kelele tupu kufikia H ni takriban e^(−0.4H). Kwa jaribio moja, hatari ya kudanganyika mara moja kwa elfu inahitaji H ya 17. Kwa majaribio yote hayo, kama 100. Na kwa kuwa H hukua sambamba na idadi ya fotoni, unahitaji karibu mara sita ya fotoni kwa pulsari ileile! Pulsari hafifu huzama hapo, ingawa mapigo yake ni ya kweli.

Ndiyo maana darubini za gama za VERITAS, zilipoona mapigo ya Kaa juu ya GeV 100 (elektronivolti bilioni 100) mwaka 2011, na H.E.S.S. za Namibia, zilipofikia TeV 20 (elektronivolti trilioni 20) kwa pulsari ya Vela mwaka 2023, zilitegemea majedwali.

Jedwali nalo huharibika. Nyota ikiruka kasi ghafla, la mwezi uliopita halifai tena. Mahali pa nyota pakikosewa kwa sekunde moja ya tao, kurekebisha muda hadi kitovu cha mfumo wa Jua huyumba hadi milisekunde 2.4: asilimia 7 ya mzunguko wa Kaa, na zaidi ya mzunguko mzima kwa pulsari ya milisekunde 2.

Ila likiwa sahihi, unaweza kuweka kizingiti cha nishati na madirisha ya awamu kabla ya kufungua data. Hapo hata ukikosa mapigo, kikomo cha juu cha nguvu ya mapigo unachotoa ni kikali kuliko cha msako usio na jedwali.