Marando si mzabibu

Juzi jioni hata viatu sijavua, mtoto wa dada yangu kanipokea mlangoni na daftari lake la Kiingereza. Yuko darasa la sita, shule moja hapa Moshi. Zoezi lilikuwa la kuandika maana ya maneno kwa Kiswahili, na sentensi yenyewe ilimhusu mkulima aliyekata "vine" za viazi vitamu akapande. Mtoto kaandika "marando". Kalamu nyekundu imepita juu yake, pembeni pameandikwa "mzabibu".

"Shikamoo mama mdogo. Kwani bibi alikosea?"

Bibi yake yuko Kibosho, na neno hilo kalipata kwake, akiwa ameshika jembe.

Imeniuma. Mzabibu na viazi vitamu wapi na wapi? Najua mwalimu ana kamusi, na kamusi haijadanganya. Neno hilo lilitoka kwenye Kilatini, "vinum", yaani divai, likapitia Kifaransa, na Mwingereza akilitaja peke yake mara nyingi anausema mzabibu. Marekani ndiko linakobeba karibu kila mmea unaotambaa au kukwea. Hapo nampa mwalimu haki yake, na hapo tu.

Maana hata waliotafsiri Biblia hawakuandika mzabibu kila mahali. Kwenye Yohana 15 ni mzabibu, sawa. Lakini ule mmea uliomfunika Yona kwa kivuli, ambao Biblia nyingine za Kiingereza zinauita "vine", katika Biblia yetu ya Union ni mtango. Kwa hiyo swali la kwanza ni: vine ya nini?

Swali hilo ndilo ninalolitaka darasani, kwa sababu Kiswahili kimeishi na mimea hii kwa karibu mno. Ingia kihamba chochote, yaani shamba linalozunguka nyumba, huku mlimani. Pasheni hushika waya kwa vikonyo vyake, vile vijiuzi vya kujishikizia. Kiazi kikuu hakina vikonyo. Shina lenyewe ndilo linalojisokota kwenye mti mpaka juu. Kiazi kitamu hakipandi popote, kinalala chini, na pingili ikigusa udongo wenye unyevu inatoa mizizi. Ndiyo maana kipande kilichokatwa kinaota. Sasa msikilize bibi: shina likienda shambani kupandwa ni marando, jani likienda chunguni ni matembele. Mmea mmoja, majina mawili, na kila jina linakwambia kazi iliyo mbele yako. "Vine" haina uwezo huo. "Mzabibu" ndiyo kabisa, mtoto wa Moshi anausikia kanisani, na akitaka kuona mashamba yake apande basi mpaka Dodoma.

Shuka pwani uone. Mtambuu una jina lake, mbungo una lake, upupu kila aliyewahi kuwashwa anaujua. Na mpira! Huu tunaoupiga uwanjani umechukua jina la utomvu, na mpira lilikuwa pia jina la mmea wenyewe, unaokwea miti ya misitu ya pwani, ambao watu walikuwa wakiugema karne ya 19, kabla ya mashamba ya miti ya mpira. Mtoto anapiga teke neno la "vine" kila jioni na hakuna aliyemwambia.

Kaka yake alidakia kwamba Vine ni video. Kweli, zilikuwa za sekunde 6, programu ilianza 2013 na 2017 ikazimwa. Na Mwingereza akisema habari kaisikia kwenye mzabibu, sisi tunasema redio mbao. Hakuna mmea hapo.

Wapo watakaosema mtoto wa sayansi anahitaji neno moja la jumla. Haya, lipo: mmea mtambazi. Alitumie pale ambapo jina la mmea halijulikani. Pale ambapo sentensi imeshataja viazi vitamu, jibu lilishapatikana Kibosho.

Nilimwambia hapana mwanangu, bibi hakukosea. Aliniangalia, akaiangalia kalamu nyekundu, akafunga daftari. Nilimwona hajaniamini, kwa sababu aliyesahihisha ni mwalimu na mimi ni mama mdogo tu. Kesho asubuhi naenda naye shuleni, na daftari, na fungu la marando. Alama yake arudishiwe.