Mgongo unauma: MRI kwanza au daktari akupime kwa mikono yake kwanza?

Kuna wagonjwa ambao mgongo ukiuma wiki moja tu wanataka MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku), bila picha hawatulii kabisa, na kuna madaktari nao ukiwatajia picha wanakujibu haina haja, meza dawa, tembea, utapona. Kwa maoni yangu wote wana hoja, ila wote kuna kitu wanakiacha.

Wanaokataa picha wana hoja nzito. Mwaka 1994 huko Marekani walipigwa MRI ya kiuno watu 98 ambao hawaumwi mgongo, na ni asilimia 36 tu waliokutwa disiki zote, yaani ile mito laini kati ya pingili za mgongo, ziko sawa. Halafu 2015 ukatoka uchambuzi wa tafiti 33 za watu wasioumwa vilevile: wenye miaka 20 asilimia 37 tayari disiki zimeanza kuchakaa, wenye miaka 80 ni asilimia 96. Yaani ni kama mvi tu, umri unaziweka. Sasa mtu kakaza misuli kwa kuinua mzigo, maumivu ambayo mara nyingi hupoa ndani ya wiki chache, anapewa ripoti imeandikwa "disiki ya L4/L5 imechomoza, uchakavu upo" (L4/L5 ni kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno), anarudi nyumbani anaogopa hata kuinama kufunga kamba za viatu, anaacha kutembea, misuli inalegea na mgongo ndo unazidi. Kuna wanaofika mpaka kwenye upasuaji kwa kitu ambacho pengine hakikuwa kinauma.

Goti nalo ni hivyohivyo. Utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, wa 2008 ulipiga MRI magoti ya watu wa miaka 50 hadi 90, na kati ya waliokutwa minisika (mto laini kati ya mifupa ya goti) imechanika asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala kukakamaa kwa goti mwezi mzima uliopita.

Lakini hoja hiyo ikibebwa bila kufikiri inaumiza watu, na hapa ndo naumia mimi. Mtu ana ganzi sehemu anayokalia, mkojo umegoma kutoka, miguu inakosa nguvu, huyo ni MRI leo leo sio wiki ijayo, mishipa ya fahamu ikikandamizwa muda mrefu hairudi kirahisi. Aliyewahi kuugua kansa, mwenye homa za usiku na kilo zinapungua (TB ya uti wa mgongo huingia kimyakimya hivi), huyo ukimwambia atembee atapona unampoteza.

Na kuna kosa lingine ambalo halisemwi sana: "eksirei iko sawa, nenda nyumbani". Eksirei inaona madini ya mfupa, kwahiyo maambukizi ndani ya mfupa yanaweza kukaa siku 10 mpaka 14 bila kuonekana. Mgonjwa wa sikoseli mfupa wa nyonga unaweza kuwa umeanza kufa na eksirei bado ni safi, MRI ingeuona mapema. Au mtu kaanguka akajikinga na kiganja, ukibonyeza kale kashimo chini ya kidole gumba anaruka kwa maumivu, eksirei inaonyesha hamna kitu. Kamfupa ka kifundo cha mkono kaliko chini ya hako kashimo damu yake inaingilia upande mmoja, kakivunjika katikati kipande cha upande wa pili kinaweza kufa. Anatakiwa afungwe mkono hivyohivyo, picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14 au apigwe MRI kama ipo.

Kwahiyo mimi naangalia zaidi fomu ya kuombea picha kuliko mashine. Fomu imeandikwa "maumivu ya mgongo" basi, msomaji wa picha afanyeje? Ataorodhesha kila anachokiona. Ikiandikwa "homa za usiku, kapungua kilo, pingili moja inauma ikigongwa" anajua pa kukaza macho. Na ripoti ya disiki nayo iongezewe mstari mmoja tu, kwamba kwa umri huu watu wangapi wasioumwa wanakutwa na kitu hikihiki, ili mgonjwa akiisoma mwenyewe asidhani mgongo wake umevunjika.