Simu ya stoo

Kazi yangu ya kwanza ya ofisini hapa St. Paul, Minnesota, ilikuwa kutafuta simu. Bosi alinikabidhi bili ndefu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: laini ya simu ya mezani, inalipiwa kila mwezi, na idara nzima hakuna anayejua iko wapi. Nilizunguka ghorofa mbili tangu asubuhi. Nikaikuta saa tisa alasiri, stoo, nyuma ya maboksi ya karatasi. Vumbi tupu, lakini ukiinua mkono wake inalia vizuri kabisa.

Kilichonishangaza si ile simu. Ni kwamba bili haikutoka kampuni ya simu, ilitoka serikalini kuja serikalini. Mimi niliyekulia nyumba za serikali Dodoma nilidhani mali ya serikali ni mali ya serikali, basi. Nani amdai nani?

Hapa wanadaiana. Tangu sheria ya 2011, kompyuta, simu na mitandao ya karibu idara zote za jimbo iko chini ya chombo kimoja cha teknolojia, MNIT. Magari, posta ya ndani na majengo mengi ya eneo la bunge la jimbo yako chini ya idara ya utawala. Huduma hizo hazitegemei kutengewa fungu kubwa kila mwaka. Kila moja inaendeshwa kama duka lenye mfuko wake: inatoa huduma, inapeleka bili, inalipwa, fedha inazunguka. Bei zinapitishwa na idara ya fedha ya jimbo, na zinatakiwa zirudishe gharama, faida haimo.

Chukua gari. Ofisi inalipa kodi ya mwezi, na ndani ya kodi hiyo mmeshahesabiwa uchakavu. Maana yake gari likizeeka, fedha ya kununua jingine inatoka humohumo mfukoni. Hakuna kwenda kumpigia mtu magoti.

Wanaolinda utaratibu huu si malaika. Sehemu kubwa ya fedha za majimbo, hasa za afya, barabara na chakula cha wenye kipato kidogo, inatoka serikali ya shirikisho. Nayo inasema wazi: nitalipa sehemu yangu ya gharama halisi, senti ya ziada silipi. Mfuko wa huduma za pamoja ukirundika akiba inayozidi matumizi ya siku 60 hivi, maswali yanaanza, na ziada inarudishwa au bei inashushwa. Bunge la jimbo likibanwa na bajeti likachota humo kuziba pengo kwingine, Washington inadai mgao wake. Kwa hiyo wanachungana, na mwananchi anapona katikati.

Malalamiko hayakosi. Vikao vya bei nimekaa, vinachosha kuliko msiba wa siku saba. Ofisi ndogo inalia kwamba inalazimishwa kununua huduma kwa muuzaji mmoja, na kama nje kuna nafuu, shauri yake. Na simu ya stoo ililipiwa muda mrefu kabla mtu hajauliza.

Sasa nyumbani. Watu wakishaishi nje miaka mitatu hupenda kusema Bongo hatuna mifumo. Tunayo. Bohari ya Dawa ilianzishwa kwa sheria ya 1993 ili inunue dawa kwa ajili ya hospitali za umma, iziuze, na mtaji uzunguke. Sheria ya Wakala za Serikali ni ya 1997, na wazo lake ni lilelile la kumhudumia mteja kwa malipo. Hata mwaka wa fedha ni mmoja, Minnesota na Tanzania wote wanaanza Julai 1. Kwenye karatasi tumelingana.

Tunapoachana ni kwenye neno ambalo kila mtumishi wa Tanzania analijua: OC. Matumizi mengineyo, yaani fedha ya kuendeshea ofisi mbali na mishahara. Mjomba wangu aliendesha gari la ofisi moja ya serikali mkoani. Mwaka mmoja gari likapelekwa karakana ya serikali kwa ajili ya gia, likakaa chini ya mwarobaini miezi saba. Niliporudi likizo alinipeleka kuliona. Matairi ya mbele yamekaa, mbuzi wawili wamelala chini ya injini. Fundi hakuwa mkorofi, aliongea kwa upole: "Mzee, zilipwe kwanza zile za mwaka juzi." Mhasibu wa ofisi naye hakuwa mkorofi: OC haijatoka. Mjomba akawa anaripoti kazini kila asubuhi, dereva asiye na gari, anasoma magazeti.

Mwaka 2017 Rais Magufuli aliwaambia TANESCO wawakatie umeme wadaiwa sugu, hata kama ni taasisi za serikali. Watu walishangilia, mimi pia. Mjomba hakushangilia. Alinipigia simu akaniuliza, "Sasa mjomba, ukimkatia ambaye fedha yake haijashuka, umemkomoa nani?"

Hapo ndipo mimi niliposimama mpaka leo. Hapa malipo baina ya idara ni uhamisho ndani ya mfumo mmoja wa hesabu, na bei inajulikana kabla bajeti haijaombwa. Kwetu tumemwambia muuzaji ajitegemee huku tukimwacha mnunuzi mikono mitupu. Kasma, yaani mafungu ya bajeti, za dawa, umeme, matengenezo ya magari na pango zingekatwa Hazina moja kwa moja kwenda kwa mtoa huduma, kabla OC haijagusa ofisi. Mtaniambia Hazina nayo ikikaukiwa je? Basi tujue mapema, magari yapunguzwe yabaki yale tunayoweza kuyalipia. Afadhali magari matatu yanayotembea kuliko kumi yenye mbuzi.

Nilimsimulia mjomba haya yote Jumapili iliyopita. Alisikiliza, kisha akauliza kuhusu simu ya stoo, kama waliiondoa. Nikamwambia nilijaza fomu siku ileile, ila bili iliendelea kuja miezi miwili zaidi.

"Miezi miwili!" akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe na huko nako."