Chenga za usiku wa Maulidi si za chapa

Maulidi yakipita hapa Lamu, wapiga picha hukaa barazani kulinganisha picha za usiku, na hukumu huwa ileile: Canon ina chenga, yaani vidoavidoa kwenye picha, Fujifilm ni safi. Juzi kijana mmoja alinionesha kanzu moja iliyopigwa na kamera mbili, zote ISO 6400 (namba ya wepesi wa kamera kwa mwanga), tundu la lenzi zote f/2.8. Kwenye Canon, mikunjo ya kwapani ilikuwa na vidoa vyekundu na vya kijani. Kwenye Fujifilm weupe ulitulia. Nikamwomba afungue maelezo ya picha. Canon ilipiga kwa 1/200 ya sekunde, Fujifilm kwa 1/125.

Basi sensa ya Fujifilm, yaani kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, ilipata mwanga mara 1.6 ya mwenziwe! Hapo ndipo wengi tunapotelezea: tunaiona ISO kama kilo ya dukani, kumbe mizani si moja. Kanuni ya kimataifa ya kupimia namba hiyo, iitwayo ISO 12232, tangu toleo la 2006, humruhusu mtengenezaji kutumia kiwango anachokipendekeza mwenyewe, na kamera nyingi za Fujifilm hudai mwanga zaidi kwa namba ileile.

Na mwanga ndio kila kitu. Fotoni, yaani chembe za mwanga, hazidondoki kwa mpangilio; zikitarajiwa 10,000, hesabu hupanda na kushuka kwa takriban 100, yaani asilimia 1. Zikiwa 2,500, huyumba kwa 50, asilimia 2. Mwanga umepungua mara nne, chenga zimekuwa maradufu, na hakuna nembo inayoweza kuziba pengo hilo. Ndiyo maana pia sensa ya milimita 36 kwa 24 huizidi ile ya 23.5 kwa 15.6: eneo lake ni zaidi ya mara mbili.

Wanaoshikilia chapa wana hoja yao. Canon 5D Mark II ya 2008, ukiangaza vivuli vya picha, hutoa mistari, na hiyo huzaliwa kamera inapoisoma sensa, si kwenye mwanga. Lakini Nikon D800 ya 2012, iliyosifiwa sana kwa vivuli visafi, sensa yake ilitengenezwa na Sony. Sasa tunasifu chapa ipi?

Usiku uliofuata kijana aliiweka Canon yake 1/60, f/2.8 ileile. Mkono wa mpiga twari ulitoka ukungu, ila mikunjo ya kanzu ilikuwa myeupe mpaka kwapani.