Kimakonde na Kimachinga havihitaji dawa moja

Ikizungumzwa habari ya kuokoa lugha za makabila, huku Mtwara na Lindi watu hugawanyika upesi. Wapo wanaotaka Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kimakua zifundishwe shuleni. Wapo wanaoona huko ni kuchezea umoja uliojengwa na Kiswahili.

Hofu ya hawa wa pili siipuuzi. Masasi darasa moja huweza kuwa na Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera. Mwalimu aliyepangiwa kutoka Kagera aanze na lugha ya nani? Tangu 1967 shule zetu za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili hichohicho mkulima wa Tandahimba anasimama mnadani na kuikataa bei ya korosho.

Ila kusema Kiswahili kinatosha ni kusahau kilichomo ndani ya lugha hizi. Chukua unyago. Nyakanga, yaani kungwi, anaimba, mwali anaitikia, na nyimbo nyingi ni za mafumbo: somo lenyewe limo ndani ya fumbo. Siku hizi mjini utamwona mwali anaitikia vizuri, anacheza vizuri, kisha anamgeukia shangazi yake na kunong'ona, "Amesema nini?" Shangazi anamjibu kwa Kiswahili, "Uwaheshimu wakubwa." Basi. Wimbo mzima umebaki agizo moja ambalo angelisikia popote.

Hapo watetezi wa mila nao wanateleza. Unyago unaomtoa binti darasani, au unaomfanya mtoto aonekane tayari kuolewa, unastahili lawama zote unazopata. Kuilinda lugha hakutulazimishi kulinda kila kilichofanywa kwa lugha hiyo.

Kinachonikera zaidi ni redio. Sera ya Utamaduni ya 1997 inahimiza wananchi wazienzi lugha za jamii zao, lakini kanuni za utangazaji zinataka vituo vitumie Kiswahili au Kiingereza. Kipindi cha hadithi za Kimakonde hakimlazimishi mtu yeyote. Asiyekitaka anahamia kituo kingine. Sioni umoja wa taifa unavyoumizwa na saa moja ya bibi wa Newala akisimulia.

Shule za msingi ziachiwe Kiswahili. Kwenye vijiji vya Newala ambako watoto karibu wote wanakuja na Kimakonde kutoka nyumbani, mwalimu wa awali aruhusiwe kukitumia mpaka wamzoee. Kimakonde bado kina nguvu, kinavuka Ruvuma hadi Msumbiji. Kimachinga cha Lindi ni lugha ya watu wachache, na kwa kuwa sensa zetu baada ya ile ya 1967 haziulizi kabila, kinaweza kupungua bila takwimu yoyote kutushtua. Hicho ndicho cha kuanza nacho: wazee warekodiwe, hata kwa simu ya mjukuu, na kila rekodi iandikiwe maana yake kwa Kiswahili wakati msimuliaji yupo wa kuulizwa.